2.75% Inauma, Lakini Shida ya SHA Iko Kwingine

Tangu Oktoba 1, 2024, kila mwajiriwa nchini Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine kwa ajili ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha bima ya afya ya taifa, na tangu siku hiyo mjadala wa bima ya afya umekwama papo hapo, kwenye desimali. Kila mwisho wa mwezi watu hupiga picha hati zao za mshahara na kuzisambaza mitandaoni. Hasira hiyo naielewa. Lakini ukichukua kalamu ukapiga hesabu, utaona wanaoumia si wote, na wanaoumia zaidi hawana hata hati ya mshahara ya kupiga picha.

NHIF, bima ya taifa iliyotangulia SHA, ilikata kwa madaraja. Aliyelipwa shilingi 20,000 alitoa 750; leo anatoa 550. Wa 30,000 alitoa 900, leo 825. Mizani inageuka karibu na 33,000. Wa 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375, jambo ambalo halimvunji mtu. Mshtuko uko juu: NHIF ilikuwa na kikomo cha 1,700 kwa kila anayepata 100,000 na zaidi, na kikomo hicho kimeondolewa. Wa 100,000 sasa anatoa 2,750, na wa 500,000 anatoa 13,750. Walio na sauti kubwa redioni na kwenye X ndio hao, kwa hiyo usishangae kwamba mjadala umechukua sura ya mifuko yao.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitaji. Tangu Desemba 27, 2024, mchango huu huondolewa kwenye mapato kabla ya PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kukokotolewa. Kwa mtu wa 100,000, ambaye shilingi zake za mwisho hutozwa kodi ya asilimia 30, zile 2,750 zinamgharimu 1,925. Enzi ya NHIF alirudishiwa asilimia 15 ya 1,700, yaani 255, akabaki na mzigo wa 1,445. Tofauti halisi ni 480 kwa mwezi. Mimi sioni dhambi katika aliye nacho kuchangia zaidi; hiyo ndiyo bima ya jamii. Ninachoona kibaya ni kwamba mwajiri hachangii chochote. Kwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, analipa sawa na mfanyakazi wake. Kwa nyumba za bei nafuu analipa asilimia 1.5 yake juu ya ile ya mfanyakazi. Kwa afya, kazi yake ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, basi. Na akichelewesha, anayekwama kwenye dirisha la hospitali ni mfanyakazi, ingawa pesa zilishatoka kwake.

Sasa tuje kwa wale wengine. Fundi, mama mboga, mwendesha bodaboda, mkulima mdogo: hao hawana mwajiri wa kuwakata, kwa hiyo kaya zao hupimwa uwezo. Ukijisajili kwa *147# au kwenye tovuti ya Afya Yangu, mfumo unakuuliza maswali kuhusu nyumba: kuta za nini, paa la nini, sakafu je, maji yanatoka wapi, unapikia nini, mna mifugo mingapi. Hakuna anayekuuliza uliuza shilingi ngapi wiki hii. Majibu yanaingia kwenye fomula, fomula inakisia mapato ya kaya, kisha inatoza asilimia 2.75 ya makisio hayo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Fomula ya aina hii inaweza kukaribia ukweli ukichukua wastani wa kaya laki moja. Kwa kaya moja inaweza kukosea vibaya, kwa sababu mali inayoonekana haifuati mapato ya mwezi huu. Mjane anayeishi kwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa na mumewe, yenye stima na choo cha ndani, ataonekana ana uwezo hata kama anaishi kwa kuuza sukuma wiki. Kijana wa mtaani aliyepanga chumba cha mabati huku akiingiza 60,000 kwa mwezi kwa kazi za mtandaoni ataonekana fukara. Makosa mengine watu hujiletea wenyewe: mtu anajibu akifikiria boma la wazazi kijijini badala ya chumba alichopanga mjini, au mume na mke wanajisajili kila mmoja kivyake na mfumo unawaona kama kaya mbili. Kabla ya kulipa, hakikisha mwenzi na watoto wameonekana chini ya jina moja, na majibu ni ya nyumba mnayolala.

Halafu linakuja lile ambalo kwangu ni kosa kubwa kuliko yote katika mpango huu: mtu wa jua kali anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Mwajiriwa hulipa mwezi kwa mwezi bila hata kusikia, lakini yule ambaye mapato yake huja kwa siku ndiye anayeambiwa atafute 3,600, au 7,000, au 12,000, zote pamoja. Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. NHIF iliumizwa na watu waliolipa 500 zao mgonjwa akishakuwa kitandani, kisha wakatoweka. Ila dawa iliyotolewa inazidisha ugonjwa. Ukimtaka mtu atoe kiasi kikubwa kwa mara moja, atakayekikopa ni yule mwenye mama anayesubiri upasuaji au mke aliye karibu kujifungua. Mwenye afya njema ataahirisha. Hazina inajaa wagonjwa, na wazima wanabaki nje. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole ili watu walipe kwa siku, wiki au mwezi, lakini njia iliyochaguliwa ni kumkopesha mtu ada ya mwaka kisha ailipe kidogo kidogo. Kwa nini maskini aingie deni ili apate kile ambacho mwenye ajira anakipata bila deni?

Uzito wa jambo hili unaonekana ukitazama mgonjwa mmoja wa figo. Kwa viwango vilivyochapishwa mpango ulipoanza, SHA hulipa 10,650 kwa kila kikao cha kusafisha damu. Vikao viwili kwa wiki ni 1,107,600 kwa mwaka. Inahitajika michango ya kaya 308 zinazolipa kiwango cha chini ili kumhudumia mtu huyo mmoja, na kaya hizo zote zisiugue hata malaria. Kwa saratani, mpango ulipoanza kaya ilipewa hadi 550,000 kwa mwaka: 400,000 kutoka SHIF, hazina kuu ya SHA, na 150,000 kutoka hazina ya dharura na magonjwa sugu. Angalia neno kaya hapo. Mama na baba wakiugua mwaka mmoja, wanagawana kiasi hicho hicho.

Hazina hiyo ya dharura ndiyo nusu ya pili ya tatizo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina tatu. SHIF inajazwa na michango yetu. Ile ya huduma za msingi, inayotakiwa kulipia matibabu ya bure kwenye zahanati na vituo vya afya, na ile ya magonjwa sugu, zinategemea zaidi mgao wa Bunge. Yaani ahadi tamu zaidi za mpango huu zimewekwa mahali ambapo Wizara ya Fedha hukata kwanza mambo yakibana. Mgao ukiwa mdogo, kituo cha afya kinaishiwa dawa, mgonjwa anaenda hospitali kubwa kwa homa ambayo ingetibiwa jirani, na bili inaangukia SHIF. Michango yenu waajiriwa inalipia upungufu wa bajeti, ingawa hakuna hati ya mshahara itakayowaambia hivyo.

Kesi za mahakamani nazipita haraka. Mahakama Kuu iliona Julai 2024 kwamba sheria za mpango huu zinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, na kazi ikaendelea. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye aliripoti mwaka 2025 kwamba mfumo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 unaoendesha SHA hauko mikononi mwa serikali. Hilo linastahili makala yake.

Turudi hospitalini, kwa sababu huko ndiko ada za bima za kibinafsi zinakopandia. Ili hospitali ilipwe na SHA, mgonjwa lazima atambuliwe, huduma kubwa ziombewe idhini mapema, kisha dai lipelekwe likiwa na maelezo ya daktari na bili inayolingana na matibabu. Kitu kimoja kikikosekana, dai linarudi. Kuna wizi pia, tusidanganyane: mgonjwa aliyetibiwa na kwenda nyumbani anaandikwa kwamba alilazwa siku tatu. Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha hospitali kadhaa kwa ulaghai. Ila uhakiki ukiwa mkali huku malipo yakikawia, hospitali ndogo ya kweli inaumia pamoja na mwizi. NHIF iliacha deni la mabilioni kwa hospitali, na ilibidi Rais aahidi Machi 2025 kwamba zinazodai milioni 10 na chini zitalipwa, na zaidi ya hapo zihakikiwe upya. Mwenye hospitali anayedai serikali kwa miezi hana njia nyingi. Anamdai mgonjwa amana, au anapandisha bei kwa wale wanaolipa kwa wakati. Wanaolipa kwa wakati ni kampuni za bima.

Basi barua ya kuhuisha bima ikifika na ongezeko lake, usilaumu ushuru. Kwa bima ya 80,000, tozo ya mafunzo ni asilimia 0.2, yaani 160. Ya mfuko wa fidia kwa wenye bima ni asilimia 0.25, yaani 200. Stempu ni 40. Jumla 400 tu. Kinachopandisha ni bei za hospitali, umri wa wanachama, na madai ya mwaka uliopita. Kama mnakatiwa kwa kikundi, chama au kampuni, dai mwonyeshwe madai yaliyolipwa ni asilimia ngapi ya ada mliyotoa. Bila nambari hiyo mnajadiliana gizani. Kama lazima upunguze, punguza matibabu ya kutolazwa kwanza. Bili ya homa utaimudu, ya chumba cha wagonjwa mahututi hutaimudu. Kukubali kuchangia kidogo kila unapomwona daktari, au kubaki na orodha fupi ya hospitali, hushusha ada pia.

Kuhamia kampuni nyingine kwa sababu ni nafuu kuna mtego. Kipindi cha kungoja kwa ugonjwa uliokuwa nao, mara nyingi miezi 12, kinaweza kuanza upya. Pata barua inayosema utaendelea ulipoachia kabla hujasitisha ya zamani, na upate kwa maandishi, maana ahadi ya wakala kwenye simu haitakusaidia mbele ya karani wa hospitali. Ukilipa mwenyewe, asilimia 15 ya ada hurudi kama nafuu ya kodi, isizidi 5,000 kwa mwezi. Kwa ile bima ya 80,000 ni 12,000 kwa mwaka, na wengi huziacha kwa KRA, mamlaka ya kodi, kwa kutoomba cheti cha bima.

Na usiache SHA ilale eti kwa sababu una bima ya kibinafsi. Bima nyingi za kulazwa huhesabu kwamba SHA imelipa sehemu yake. Kwa hospitali ya ngazi ya 4, kiwango kilichochapishwa mwanzo kilikuwa 3,360 kwa usiku. Ukilazwa siku 5 huku mchango haujaingia, 16,800 ni zako mfukoni, hata kama bima yako ina kikomo cha milioni. Piga *147# uangalie kabla ya tarehe ya upasuaji, na kama mwajiri hajawasilisha, mwandikie ofisi ya mishahara siku hiyo hiyo.

Kama ningeulizwa Bunge lianze wapi, ningeacha ile 2.75 ilivyo. Mwajiri aongeze asilimia 1 kutoka kwake. Mtu wa jua kali aruhusiwe kulipa kwa mwezi bila mkopo, kwa sharti la kungoja kipindi kifupi kabla ya huduma zisizo za dharura, ili asiyelipa hadi augue asipate faida. Na dai la hospitali lililokamilika likipita siku 60 bila kulipwa wala kukataliwa kwa sababu iliyoandikwa, SHA ilipe riba.