Tokeni nje: nilivyoiona hoki ya barafu Target Field

Kila Disemba kwenye group yetu ya WhatsApp ya Wakenya wa huku Minnesota yanaanza yaleyale, mtu anatuma picha ya simu yake inaonyesha hali ya hewa, mwingine anauliza ni nani alituleta huku, mwingine anajibu kwa emoji ya kulia, halafu inaishia kila mtu amejifungia mpaka Aprili. Nyumba, gari, kazi, kanisa, nyumba. Mimi nimeishi hivyo miaka tisa mizima na sikuona shida yoyote. Sasa naona shida, na nitaisema waziwazi: tunakosea. Nililijua hilo usiku wa tarehe 1 Januari 2022, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha uwanja wa besiboli, katikati ya mji wa Minneapolis, natazama hoki ya barafu na mwanangu.

Kwanza mnielewe, mimi ni mtoto wa Kilifi. Baridi niliyokulia nayo ni ile ya upepo wa kusi mwezi wa Julai, unatafuta leso ya kujifunika mabegani. Hoki ya barafu niliijua kwa sababu ya kijana wangu, aliyekulia hukuhuku, na wakati ule alikuwa na miaka kumi na moja. Yeye na wenzake wa shule hawana habari ingine. Mimi nilikuwa naangalia naye kwenye TV nikisinzia baada ya shifti ya usiku, sijui nani ni nani.

Tiketi zilikuja hivi. Mwenzangu wa kazini alikuwa amenunua mbili za Winter Classic, ile mechi ya nje ya kila mwaka mpya ya NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, safari hii timu yetu Minnesota Wild na St. Louis Blues, na alizinunua kitambo, manake mechi yenyewe ilikuwa ichezwe 1 Januari 2021 korona ikaisukuma mwaka mzima mbele. Sasa siku imekaribia, mgongo unamsumbua, na utabiri unasema itakuwa baridi ya kupitiliza. Akanipa kwa nusu bei. Nikachukua kwa ajili ya mtoto, nikijua nikimwambia hapana atanikumbusha mpaka nizeeke.

Shoga yangu wa Brooklyn Center nilipomwambia alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza, "Nje nje? Hakuna paa?" Hakuna paa. Target Field ni nyumba ya Minnesota Twins, uwanja wa besiboli uliofunguliwa 2010, na besiboli ni mchezo wa kiangazi, watu wanakwenda na kaptula. Mama yangu naye kule nyumbani akasema, "Mwanangu, huko unaenda kutafuta nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja kati ya wazee ninaowahudumia kazini, amezaliwa kaskazini huko karibu na mpaka wa Kanada, amecheza hoki kwenye ziwa lililoganda tangu hajaanza shule. Nilipomwambia naenda, akasahau kabisa kwamba nilikuja kumpa dawa. Akaniambia: vaa nguo nyingi nyembamba kuliko moja nzito, usivae buti la kubana, na beba kadibodi. Nikauliza kadibodi ya nini mzee wangu? Akasema ya kukanyagia, kwa sababu baridi ya uwanjani haikuingii kichwani kama watu wanavyodhani, inakuingia kwenye nyayo, ile saruji inakunyonya joto mguuni taratibu mpaka huna vidole. Weka kadibodi chini ya buti, utanishukuru.

Basi nikakata boksi la nepi nililolitoa kazini, vipande viwili, nikatia kwapani. Kijana wangu njia nzima, "Mama, tafadhali, hilo boksi liache kwenye gari." Sikuliacha.

Tuliegesha kwenye ghorofa la magari tukapita kwenye zile njia za vioo zinazounganisha majengo ya mjini hewani juu ya barabara, ambazo ukizijua unaweza kuzunguka Minneapolis nusu siku wakati wa baridi usiguse nje. Hizo njia nimezipita mara nyingi sana nikienda kwenye shughuli zangu. Siku hiyo kwa mara ya kwanza zilikuwa zimejaa watu wanaokwenda nje kwa hiari yao, wamevaa kama wavuvi wa barafu, watoto mgongoni, wazee na fimbo, wote wanacheka. Jua lilikuwa limezama toka saa kumi na kitu na mechi ni saa kumi na mbili jioni. Wakati wa kuanza ilikuwa nyuzi karibu 21 za Selsiasi chini ya sifuri, wenyeji wanaohesabu kwa Farenhaiti wanasema hasi 5.7, na hiyo ndiyo mechi ya nje yenye baridi kali kuliko zote ambazo NHL imewahi kucheza, imepita hata ile ya Edmonton, Kanada, ya 2003 iliyochezwa kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri.

Ukitoka kwenye korido ukaingia upande wa viti, kitu cha kwanza ni mwanga. Pale chini katikati ya uwanja wametandaza barafu, mita 61 kwa 26, inang'aa kama sahani, na pembeni kwenye eneo la nyasi wamejenga vidimbwi vingine vidogo vya barafu watoto wanateleza, kama vile mtu ameukata mtaa wao na kuuleta uwanjani. Mwanangu alisimama kimya. Huyu mtoto hanyamazi hata akila.

Viti vyetu vilikuwa juu sana, na hapa niwape ushauri wa bure ambao sikupewa na mtu. Kwenye hoki ya nje viti vya bei mbaya vya chini ndivyo vibaya. Uwanja wa besiboli umejengwa macho yote yaangalie pale anaposimama mpigaji, hivyo ukikaa chini unakuta barafu iko mbali na wewe, na zile mbao za kuzunguka barafu zinakukata nusu ya mchezo, unaona kofia tu zinapita. Juu kule unaona kila kitu, jinsi timu inavyojipanga, pengo linapofunguka, pasi inayokwenda kabla haijapigwa. Paki yenyewe, ile duara ndogo ya mpira mweusi, nakubali haionekani vizuri, mara nyingi nilijua iko wapi kwa kuangalia wachezaji wanageukia wapi. Wanaosema kwenye TV unaona vizuri zaidi wako sahihi na sitabishana nao.

Sasa sikilizeni hili. Watu 38,619 wakipiga makofi na glavu nene haitoki sauti ya makofi. Inatoka mdundo, kitu kizito cha chini, kama mtaa mzima unakung'uta magodoro kwa pamoja. Kirill Kaprizov alipoifungia Minnesota ule mdundo niliusikia kifuani kabla ya masikioni, na pumzi za watu wote zikapanda kwa pamoja kwenye taa, wingu moja kubwa juu ya vichwa, likakaa pale kidogo halafu likaondoka. Kijana akaniangalia kope zake zina barafu nyeupe. Soda niliyomnunulia ilikuwa imeshaanza kuganda kwenye kikombe, akawa anaitafuna.

Kulia kwetu alikaa mzee na mkewe, mzee amevaa juu ya jaketi jezi ya kijani iliyochakaa ya North Stars, timu ya huku iliyohamishiwa Dallas mwaka 1993, watu wakabaki miaka bila timu ya ligi kubwa mpaka Wild ikaanza kucheza mwaka 2000. Miaka yote hiyo ameitunza. Yule mama akaona nainama naweka kadibodi chini ya miguu yetu. Hakusema kitu, akainua buti lake akanionyesha: na yeye kaweka, kipande cha boksi la pizza. Tukacheka wote wawili kama tumesoma shule moja. Kijana wangu aliyekuwa anaona aibu akakanyaga kadibodi yake vizuri kabisa na hakutoka juu yake mpaka mwisho.

Kitu kilichonishangaza zaidi aliniambia huyohuyo mzee wa North Stars. Mimi nilidhani baridi ikiwa kali ndiyo barafu inakuwa nzuri. Kumbe sivyo. Ligi inakuja na trela lake la mitambo ya kupoza, maji ya dawa yanapita kwenye mabomba chini ya barafu, kwa kawaida kazi yake ni kuilinda barafu isiyeyuke kwa jua. Kwa baridi kama ile barafu inakuwa kavu mno, inameguka vipande chini ya viatu vya wachezaji, kwa hiyo mafundi wakalazimika kuipasha joto. Kupasha barafu joto ili ibaki barafu! Nilirudia hilo jambo kwa kila mtu wiki nzima.

Mechi yenyewe tulipigwa. St. Louis Blues walishuka kwenye basi lao wamevaa kaptula, slipa na miwani ya jua kama wako Bamburi, kwenye baridi hiyohiyo, na kipindi cha pili wakatufunga mabao matano. Jordan Kyrou peke yake alifunga mawili na kusaidia mawili. Ikafika 6-2, kipindi cha tatu Wild wakajitutumua wakarudisha mawili, ikaisha 6-4. Nilitegemea watu watakimbilia magari pale kwenye 6-2, mimi mwenyewe miguu ilikuwa sawa lakini mashavu siyahisi. Wapo walioingia ndani kwenye korido kuota joto, halafu wakarudi. Wengi walibaki kwenye viti vyao mpaka dakika ya mwisho, timu yao inapigwa, nyuzi 21 chini ya sifuri.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka tisa sikukielewa. Hawa watu hawaivumilii baridi hii wakisubiri iishe. Ni yao. Wamekulia ndani yake, baba zao waliwafunga kamba za viatu vya barafu kwenye gogo kando ya ziwa, na mechi ya nje kwao ni kurudi nyumbani, kama mimi ukiniweka kwenye forodha ya Kilifi jioni wavuvi wanashusha samaki. Na sisi tunaishi nao mtaa mmoja, watoto wetu wanasoma darasa moja, halafu miezi mitano kila mwaka tunatoweka. Halafu tunalalamika wenyeji ni wagumu kuzoeana nao! Tunazoeana nao saa ngapi, wakati wao wako nje na sisi tuko ndani na pazia limefungwa?

Ndiyo maana sikubaliani na hii mechi kupelekwa popote tu. Haya mambo yalikuwa matamu pale Wrigley Field Chicago mwaka 2009, pale Fenway Park Boston mwaka 2010, viwanja vizee vya besiboli kwenye miji yenye baridi ya kweli. Tarehe 2 Januari 2026 wameichezea Miami, kwenye uwanja wa besiboli wenye paa la kufungua na kufunga. Florida Panthers ni timu kubwa, wamechukua kombe 2024 na 2025 mfululizo, mashabiki wao wanastahili sherehe. Lakini niliitazama nikaona watu na mashati mepesi na moyo wangu haukuwepo. Hoki iliweza kuchezwa pale, hata Nairobi inachezwa, vijana wa Kenya Ice Lions wamejifunzia kwenye kile kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari barabara ya Mombasa na nawaheshimu sana kwa hilo. Tofauti ni kwamba Ice Lions wanacheza ndani kwa sababu hawana baridi. Ukienda nje, basi nje iwe na maana.

Gharama naijua, msiniambie. Tiketi ni pesa, hata nusu bei iliniuma, na vifaa vya hoki vya mtoto ndiyo usiseme, kila mwaka mguu umekua. Sisemi kila familia iende Winter Classic. Nasema bustani nyingi za mtaa hapa mjini wanamwaga maji baridi ikianza, inaganda, na ni bure, na pembeni kuna kibanda cha kuotea moto. Shoga yangu nilimvuta Februari ileile na wanawe wawili, wakaanguka, wakalia, wakakataa kurudi nyumbani.

Niliporudi kazini Jumatatu yule mzee hakuniuliza matokeo, alishayaona kwenye TV. Aliniuliza, "Miguu?" Nikamwambia miguu salama mzee wangu. Akafunga macho, ameridhika.

Ile kadibodi bado iko kwenye buti ya gari, imelainika pembeni na ina alama ya buti langu katikati. Jumamosi asubuhi kijana akiingia kwenye barafu pale bustanini mimi naitandika kando ya mbao, nasimama juu yake na kikombe cha chai ya tangawizi, na juzi mama mmoja Msomali mgeni wa mtaa alikuwa anarukaruka pembeni yangu kwa baridi, nikasogea nikamwachia nusu.