Mbwa mwitu si babu wa Popi

Juma lililopita nilikuwa nikikagua daftari la Sayansi la mpwa wangu wa darasa la tano, nikakuta amechora kwa penseli mnyama mwenye mabaka na masikio ya mviringo mfano wa visahani, na chini yake ameandika kwamba mbwa wa nyumbani alitokana na mnyama huyo, mbwa mwitu. Pembeni palikuwa na alama ya vema ya kalamu nyekundu, kubwa na yenye kujiamini.

Mtoto simlaumu, na mwalimu namlaumu nusu tu, maana mkosaji mkubwa ni lugha yetu tukufu, ambayo nazi moja imeipa majina ya kidaka, kitale, dafu na koroma kabla haijakomaa, lakini ilipofika kwa wanyama wawili tofauti ikaona jina moja linatosha. Mbwa mwitu anayevishwa ngozi ya kondoo kwenye mahubiri ni mnyama wa kijivu wa Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini, ambaye wengi wa wanaomhubiri hawajapata kumwona. Mbwa mwitu wa Ruaha na wa Hifadhi ya Nyerere, yule mwenye mabaka, ni mwingine kabisa.

Nilimwita mpwa wangu uani, nikashika mguu wa mbele wa Popi, mbwa wangu, nikamwonyesha ule ukucha mdogo wa upande wa ndani usiogusa chini. Mbwa mwitu wetu hana ukucha huo, kwa sababu kila mguu wake una vidole vinne tu. Wala hazai na mbwa, kwani koo zao ziliachana mamilioni ya miaka iliyopita. Mwenye haki ya kuitwa ndugu wa Popi pale Serengeti ni yule tunayemwita bweha wa dhahabu, ambaye utafiti wa vinasaba wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko na bweha wa dhahabu wa Asia.

“Kwa hiyo, mjomba, Popi ni ndugu wa bweha?” akauliza, akionekana kumwonea Popi aibu.

Babu halisi, yule wa kijivu, aliingia kambini mwa watu kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla ya mahindi. Huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914 wachimba mawe walifukua mifupa ya mwanamume na mwanamke waliozikwa zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, na pamoja nao mifupa ya mbwa mchanga. Watafiti waliochunguza meno yake wanaamini kwamba aliugua distempa, ugonjwa hatari wa virusi unaoshika mbwa, na kwamba asingeweza kuishi majuma yale ya ugonjwa bila mtu kumlisha na kumsafisha.

Distempa hiyohiyo ndiyo iliyoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na virusi vyake vilifanana na vya mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa mwitu walikuwa wameshatoweka ndani ya hifadhi hiyo tangu mwaka 1991. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu zote za kutoweka huko, lakini kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika makundi yao. Na hao ndio wanyama ambao katika hifadhi nyingi za Afrika walipigwa risasi kwa miongo kadhaa, wakiitwa waharibifu na askari waliolipwa kulinda wanyama!

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mfugaji aliyeamka akakuta mbuzi wake wameraruliwa hana muda wa kusikiliza habari za vidole vinne. Lakini mfugaji huyo ana mbwa, nami nina mbwa, na kumpeleka mbwa kuchanjwa hakuhitaji bunduki wala sumu. Siku ya chanjo mbwa huletwa na watoto, wamefungwa kamba za katani, huku sisi wenye nyumba tukiwa barazani tunajadili ukatili wa wanyama wa porini.

Jioni ile nilitafuta cheti cha Popi. Nilikikuta chini ya risiti za umeme, na chanjo yake ya mwisho ya kichaa ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita.