Shem anasema nimelipua nyumba, naomba na mimi nisikilizwe

Haya jamani, naandika nikiwa nimesimama, sababu mtaijua mbele. Simu inaita tangu alfajiri, mpaka watu wa Muscat wananipa pole. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye yuko jimbo lingine kabisa na hakuwepo, kaingia kwenye grupu la ukoo kaandika "shem kalipua nyumba kwa risasi za kutengeneza mwenyewe, tumuombee". Mama mkwe kapiga simu kutoka Tanga analia, anauliza watoto wamezikwa wapi.

Hakuna kilicholipuka. Mezani hakukuwa na baruti hata punje moja, kopo la baruti lilikuwa kabatini limefungwa na mpaka sasa sijalifungua. Kilichokuwepo ni mimi, maganda matupu ya risasi, presi ndogo ya bei poa (mashine ya mkono ya kubania hayo maganda yatumike tena) na sufuria la pilau la kina mama wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Basi.

Wengi mnajua niko Milwaukee, Marekani, na mnajua nawinda kulungu. (Wakenya, najua kwenu uwindaji ulifungwa 1977, msinianze leo, leo siyo siku yangu.) Huku Wisconsin msimu wa bunduki unafunguliwa Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu yao ya mwisho wa Novemba, siku tisa tu umekwisha, na unavaa rangi ya chungwa inayong'aa au pinki, pinki waliiruhusu 2016 na ndiyo ninayo mimi maana ilikuwa kwenye punguzo. Sasa bunduki yangu inakula .30-06, risasi ya zamani ya jeshi lao ya mwaka 1906, na boksi la ishirini unaacha dola thelathini na kitu, ukitaka za maana unafika hamsini na zaidi. Kila nikienda kupima shabaha naona hela ya ada ya mtoto inatoka mtutuni.

Pale kwenye uwanja wa shabaha kuna mzee mmoja namwita Babu, Mmarekani, fundi mitambo mstaafu, ndo aliyenionyesha kwamba risasi ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako ya kuwashia, baruti na kichwa. Ukipiga, ganda linabaki, na ganda ndo lenye gharama, unaokota unalirudisha umbo, unatia fataki mpya, baruti, kichwa, unarudi porini. Babu yangu mimi mzaa baba alikuwa na gobore anashindilia mwenyewe kwa mdeki, kwa hiyo nikajiona kabisa hii kazi iko kwenye damu.

Tatizo likaja kwenye kuchagua presi.

Kuna presi za kushika mkononi, unaibana kwa mikono miwili, haitaki meza, unaweza kukaa kwenye kochi na mpira unaendelea. Kuna ndogo za alumini zenye umbo la C, mdomo uko wazi kwa mbele, unaifunga kwenye benchi kwa bolti. Kuna zenye umbo la O, zimezunguka pande zote, hizo hazifungui mdomo ukizitumia nguvu. Halafu kuna machuma mazito ya kumiminwa kwenye kalibu kama ile Rock Chucker ya kampuni ya RCBS, ukinunua mpya unafikiria mara mbili na ukiibeba unafikiria mara tatu. Zote hizo zinafanya hatua moja tu kwa wakati, unapitisha maganda yote kwenye dai moja (dai ni kile kitundu cha chuma kinachorudisha ganda umbo), unabadili dai, unaanza tena. Zipo zinazofanya hatua zote kwa mkupuo lakini bei yake ni kodi ya nyumba, hizo nilipita nikiangalia pembeni. Kuna hata zile Lee Loader za tangu 1958, hamna presi kabisa, unagonga na nyundo, Babu alianzia huko, na kiwanda chenyewe kipo Hartford hapa hapa juu ya Milwaukee. Lakini mimi nakaa apatimenti na jirani wa chini anagonga dari hata nikipiga chafya.

Babu alinishauri vizuri, nisimsingizie. Alisema nunua chuma kilichotumika, tafuta kwenye mauzo ya garaji, chuma hakifi utamrithisha mwanao, na dai karibu zote hesi yake ni ile ile ya inchi 7/8, mizunguko 14 kwa inchi, kwa hiyo hata ukibadili presi baadaye dai zako zinaingia. Mimi nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza: ya bei ya chini kuliko zote ni ipi?

Babu akavua miwani. Akaifuta. Akasema ndogo ya C inafaa sana kwa maganda ya bastola, mafupi, yamenyooka, ukiwa na dai ya kabaidi, ile ngumu inayoteleza, hata mafuta huhitaji. Ila .30-06 ni refu, lina shingo, lazima lipakwe grisi kila moja, KILA MOJA, na linabana, ile C itakuwa inafungua mdomo. Nikamwambia Babu usijali, mimi nabana polepole. Akanipa kikopo cha grisi. Nikakitia kwenye gari.

Kumbukeni hicho kikopo.

Presi ikaja kwa posta, ndogo, nzuri, nyepesi, mke wangu akauliza hii ya kukamulia ndimu? Sasa presi inataka benchi, na benchi liwe zito au lishikwe na ukuta. Benchi langu mimi ni meza ya kulia chakula. Nikafunga presi kwenye ubao, ubao nikaubana kwenye ukingo wa meza kwa klampu mbili, chini nikaweka kanga isikwaruze. Nikasukuma kwa kidole. Haikutikisika. Nikapiga picha nikamtumia Babu, akajibu kwa alama ya kuuliza moja tu.

Mke wangu akasema saa kumi kina mama wa kikoba wanakuja, hiyo karakana iwe imeondoka. Nikasema saa tisa haipo.

Grisi iko kwenye gari, gari iko nje, nje kuna baridi ya Novemba ya Wisconsin. Nikatumia mafuta ya nazi ya mke wangu ya nywele, yalikuwa yameganda vizuri kabisa, unachota kwa kidole unapaka, ganda linaingia kwenye dai linatoka laini, na fataki ya zamani inasukumwa inadondoka. Inadondoka popote inapotaka, hiyo ndo raha ya presi hizi ndogo, nyingine kwenye bakuli, nyingine chini ya friji. Lakini kazi inaenda. Nikaanza kuimba.

Mke wangu akapita, akaona kopo lake, akalichukua bila kusema neno.

Nikabaki na maganda machache tu. Nikajisemea si yameshapita mengi, dai lenyewe limeshalowa mafuta, haya yatapita. (Mliofanya hii kazi naona mmeshika vichwa. Vishikeni tu.) La kwanza likapita kwa shida. La pili nikashusha mpini, nikaona kabisa C inafungua mdomo kidogo, ganda likaingia lote mpaka juu. Nikapandisha mpini. Mpini ukakataa.

Wakati huo huo, hodi. Kina mama hao, saa kumi kasoro, kikoba peke yake ndo kitu cha Waswahili kinachowahi. Wakakaa upande wa pili wa meza, mke wangu kaweka sufuria la pilau katikati kwa sababu huku kwangu hamna nafasi, na bakuli la kachumbari kaliweka kwenye kiti nyuma yangu kwa sababu hiyo hiyo. Mimi sijaona. Mwenyekiti ananiuliza shemeji unatengeneza juisi? Nikasema karibuni sana, namalizia hii moja.

Turudie polepole maana hapa ndo watu wanapotosha.

Mpini uko chini. Ganda liko juu, limeng'ang'ania ndani ya dai. Ili litoke lazima mpini upande. Nikajaribu mkono mmoja nikitabasamu. Nikajaribu miwili nikiendelea kutabasamu. Mazungumzo ya kikoba yakaanza kupungua sauti. Mtu mwenye akili angefungua dai akaenda zake. Mimi nikachuchumaa, nikaingiza bega chini ya mpini kama kuli wa bandari ya Tanga, nikafumba macho, nikaanza kunyanyuka.

Nikasikia krrr. Nikasema moyoni linatoka hilo.

Siyo ganda. Ni meza. Klampu zangu zilishika vizuri ajabu, kwa hiyo nguvu yote imekwenda kwenye meza, miguu ya upande wangu imeacha sakafu, na mimi nimefumba macho naendelea kunyanyuka na nahesabu ushindi. Hakuna aliyesema kitu. Mwenyekiti ananiambia baadaye eti walidhani ndivyo inavyofanywa, wakaona aibu kumkatiza mwanaume kazini.

Sufuria likaanza safari. Kitambaa cha meza ni cha plastiki, linateleza taratibu, kwa heshima, linamfuata mweka hazina. Mweka hazina ana simu mkononi, maana kikoba cha huku hakina sanduku la kufuli tatu, kina Zelle, ile ya kutumiana hela kwa simu. Na pembeni yake mke wa shemeji yangu, ambaye alikuja kututembelea, yuko kwenye vidio koli na nani? Na shem. Sufuria likafika ukingoni. Mweka hazina akawa na sekunde ya kuchagua, ashike pilau au ashike simu.

Akashika simu.

Na hapo nikafungua macho, nikaona kila kitu kwa pamoja, meza imeinama, sufuria limechungulia nje, macho ya mke wangu. Nadhani nilisema "samahani". Hapo hapo ganda likachanika kwenye kitako, ule ukingo mwembamba unaoshikwa na presi ulichanika wote, PAA, mpini ukaruka juu ukanipiga sikio, na huo ndo mlipuko wote ambao ukoo wa watu mnaombea. Meza ikarudi chini kwa kishindo, bakuli langu la fataki za zamani likaruka, fataki zikapaa, na mimi nikarudi nyuma nikatafuta kiti.

Kiti nikakipata. Chenye kachumbari. Ya pilipili mbuzi. Na mimi nilikuwa na kaptura ya kulalia.

Sitaeleza zaidi. Niseme tu kwamba niliinuka haraka kuliko meza ilivyoshuka.

Shem upande wa pili wa simu kaona dari, kasikia PAA, kasikia wanawake wanapiga kelele, kasikia mimi nakimbilia bafuni nikiita jina la bibi yangu. Kwa haki kabisa kakata simu kaanza kuandika.

Pilau nusu lilikuwa sakafuni, nusu limebaki sufuriani. Mama mmoja mwenye huruma akasema hili lililobaki linalika, akachota, akasema pilipili manga yenu ya huku kubwa. Nikapiga kelele nikiwa bafuni. Fataki iliyokwisha kupigwa ina masizi yenye madini ya risasi ndani yake, hiyo ni sumu, siyo kiungo, na hata bila ajali hii sikupaswa kuifanya kazi hiyo chakula kikiwa jirani. Pilau lote jalalani, nikaagiza piza kwa simu kupitia mlangoni.

Mengine haraka haraka. Babu akaja jioni, akafungua dai, akalibana kwenye jiliwa lake, akatoboa kitako cha ganda kwa drili, akachonga hesi kwa tapu, akatia washa, bolti na nati, akakaza spana kidogo, ganda likatoka kama halijawahi kukataa. Dai halina hata mkwaruzo. Presi nayo haina kosa lolote, msiniulize ni ya kampuni gani, iko pale kwenye boksi lake inanitazama. Babu hakusema neno mpaka alipomaliza, akauliza kikopo cha grisi kiko wapi. Nikamwambia kwenye gari. Akavua miwani tena.

Meza mguu mmoja umelegea na ukingo umepasuka. Kikoba kimenipiga faini ya kuvuruga mkutano, na mimi hata siyo mwanachama. Mke wangu tunaongea, ila kupitia watoto. Msimu unafunguliwa wiki ijayo na nina maganda safi kabisa yananukia nazi, na risasi za dukani nimenunua boksi moja kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu anasoma.

Kwa hiyo, mwenye presi ya chuma iliyotumika maeneo ya Milwaukee, umbo la O, anicheki inboksi. Mwenye meza ya kulia ya viti sita anicheki kwanza.