Mzee wa pwani si mtumbuizaji
Wapo wanaosema eti maarifa ya jadi yapewe kipindi cha ziada tu shuleni, cha ngoma na kusuka ukili. Sikubaliani. Huku Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, mtoto wa mvuvi anajua mapema kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji ni bamvua, yaani hujaa na kupwa sana, katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na kwamba maji kujaa huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Hiyo ni jiografia na hesabu, jamani! Darasani anakaririshwa mvutano wa mwezi kama kitu kigeni. Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda wa Ziwa Eyasi, wana taabu zaidi: shule ya bweni inamtoa mtoto porini umri uleule wa kujifunza kusoma nyayo na kumfuata ndege anayeongoza kwenye asali. Walimu mliopo, nani amewahi kumpa mzee wa pwani kipindi kizima cha jiografia?