Mfumo wa afya kijijini uanze na kitochi

Wanaobuni mifumo ya mawasiliano ya afya kwa ajili ya vijijini wengi huanza kuchora aplikesheni ya simujanja. Naona huko ni kuanzia juu. Mama mjamzito anayeishi mbali na zahanati mara nyingi anategemea kitochi, pengine cha mumewe au cha mama mkwe, na kinachomfikia kwa uhakika zaidi ni meseji ya kawaida. Meseji hiyo ndiyo ifanyiwe kazi kwanza.

Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Kiswahili kinaenea humo vizuri, ila kuna mtego kwenye ritifaa ya ng'. Ukiandika kwenye kompyuta kisha ukanakili, ritifaa iliyonyooka hugeuzwa yenyewe kuwa iliyopinda, na hiyo haimo kwenye herufi za msingi za meseji. Papo hapo kikomo kinashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa meseji moja sasa unakwenda vipande vitatu, na mradi unalipia vyote vitatu kwa kila mama. Dawa yake ni rahisi: programu inyooshe ritifaa zote kabla ya kutuma, na imwonyeshe mwandishi idadi ya vipande.

Kosa linaloniuma zaidi ni la saa. Mfumo unaandika "08:00", mama anasoma saa nane, anafika mchana kliniki imeshamaliza chanjo. Kisha anaambiwa amechelewa! Iandikwe "saa 2 asubuhi", na hesabu hiyo ifanywe na programu, asiachiwe msomaji.

Kwa kuwa simu ni ya watu wengi, meseji ya mteja wa VVU isitaje ugonjwa, dawa wala jina la kliniki, hata kwenye jina la mtumaji. "Kesho ni siku yako, saa 3 asubuhi" inatosha. Wakati wa kumwandikisha aulizwe simu ni ya nani, nani mwingine anaisoma, na kama anataka kutumiwa chochote.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayehitaji aplikesheni, nayo lazima ifanye kazi bila mtandao. Hapo kuna hitilafu ya kawaida: fomu imefika, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, simu ikatuma tena, mtoto mmoja akahesabiwa wawili. Kila fomu ipewe namba yake ya pekee ndani ya simu kabla ya kutumwa, ili seva ikiiona mara ya pili isiandike upya.

Dharura isipitie kwenye meseji. Simu ikizimika chaji, ujumbe unaweza kukaa njiani saa nyingi. Kwa Tanzania, kila ukumbusho wa kliniki ya wajawazito ubebe namba 115 ya m-mama (huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga), ambayo kupiga ni bure, pamoja na dalili mbili tatu za hatari: kutoka damu, kichwa kuuma sana, degedege.