Mshipa umeziba, mbona anapewa vidonge tu?

Swali hilo huulizwa na ndugu wa mgonjwa, mara nyingi kwa hasira. Mtu wao amekuwa akibanwa na kifua kila apandapo ngazi. Akisimama dakika chache, maumivu yanaondoka. Amepigwa picha ya mishipa ya moyo, ikaonekana ateri moja imebana kwa asilimia 80. Wao wanangoja kutajiwa siku ya kuwekewa stenti, kile kimrija cha waya kinachoupanua mshipa. Daktari anaandika aspirini, statini (dawa ya kupunguza mafuta mabaya kwenye damu) na dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, kisha anamwambia mgonjwa aache sigara na aanze kutembea. Wanatoka wakiamini wamepuuzwa.

Hilo neno "tu" ndilo linalonikera. Linamwonea daktari, lakini linamwumiza zaidi mgonjwa, kwa sababu mtu aliyeambiwa amenyimwa tiba ya kweli huvimeza vidonge vyake kwa shingo upande, na baada ya miezi michache huviacha.

Niseme mapema kwamba sizungumzii shambulio la moyo. Donge la damu likiziba mshipa ghafla, msuli wa moyo unaanza kufa, na kuufungua mshipa huo kwa stenti bila kuchelewa huokoa maisha. Hapo hakuna wa kubishana naye. Ubishi uko kwenye anjina tulivu, maumivu ambayo mgonjwa mwenyewe ameshayajua: yanakuja na kazi, yanaondoka na mapumziko.

Wanaotaka stenti katika hali hii hawana hoja dhaifu. Daktari Andreas Grüntzig alipoupanua mshipa wa moyo wa mgonjwa kwa puto mjini Zurich mwaka 1977, alionyesha jambo ambalo jicho halikatai: mshipa ulikuwa mwembamba, sasa ni mpana, damu inapita. Nani aoneshwe picha mbili kama hizo kisha aseme hakuna kilichofanyika? Ndiyo maana jaribio la COURAGE la mwaka 2007, lenye wagonjwa 2,287, liliposema stenti haikupunguza vifo wala mashambulio ya moyo kwa watu wa aina hii, wengi hawakukubali. Walisema stenti zilizotumika ni za kizamani, na kwamba wagonjwa wenye hali mbaya zaidi huenda hawakuingizwa.

Pingamizi hizo zilistahili jibu, na jibu lilikuja kwenye jaribio la ISCHEMIA, lililotangazwa mwaka 2019. Wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, wote wakiwa wameonyesha kwa vipimo kwamba sehemu kubwa ya moyo inakosa damu ya kutosha. Kundi moja lilipewa dawa na kupelekwa mapema kwenye stenti au upasuaji wa kuunganisha mishipa. Kundi la pili lilipewa dawa, na mlango wa stenti ukaachwa wazi kwa ambaye dawa zingemshinda. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Baada ya miaka mitatu na kidogo, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza watu 145. La pili, 144.

Ziangalieni vizuri namba hizo. Mishipa ya maelfu ya watu ilifunguliwa, kazi ikafanywa na mafundi wa hali ya juu, na idadi ya waliofariki haikusogea. Sasa ziwekeni kando ya namba za jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 1994. Wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa, nusu wakapewa kidonge cha simvastatini, ambayo ni mojawapo ya statini, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano na ushei walikuwa wamefariki 256 kwenye kundi lisilo na dawa, na 182 kwenye kundi la simvastatini. Watu 74 walibaki hai kwa kidonge kimoja. Hicho ndicho kidonge kinachoitwa "vidonge tu".

Sababu iko ndani ya mshipa wenyewe. Tumezoea kuufikiria kama bomba lililoshika kutu: likizidi kuziba, siku moja maji hayapiti. Mashambulio mengi ya moyo hayaji hivyo. Utando wa mafuta ulio ndani ya ukuta wa mshipa hupasuka, damu inaganda juu ya jeraha hilo, na donge ndilo linaloziba. Na mara nyingi utando unaopasuka ni ule ambao haukuwa umebana sana, ambao kwenye picha haukumshtua mtu. Stenti hushughulikia sentimita moja au mbili za mshipa. Statini huingia kwenye mishipa yote, hupunguza mafuta mabaya kwenye damu, na huufanya utando uliolainika uwe mgumu kupasuka. Ugonjwa umetapakaa, na dawa nazo zinatapakaa.

Je, basi stenti haina kazi kwenye anjina tulivu? Inayo, na kubwa, ila ni kazi tofauti na ile wanayoidhania ndugu. Kwenye ISCHEMIA hiyohiyo, miongoni mwa waliokuwa wakiumwa kila siku au kila wiki, baada ya mwaka nusu ya kundi la stenti na upasuaji hawakuwa na maumivu tena. Kwenye kundi la dawa walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mwaka 2023 likaja ORBITA-2, ambamo wagonjwa 301 waliachishwa dawa za kutuliza anjina, baadhi wakawekewa stenti, wengine wakaingizwa katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa mshipani, bila kuwekewa chochote, na hakuna mgonjwa aliyejua kafanyiwa lipi. Stenti ilipunguza maumivu kweli, ingawa zaidi ya nusu ya waliowekewa bado waliumwa kwa kiasi fulani. Mtu anayeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya kifua, ambaye dawa amezimeza sawasawa na hazikumtosha, ana kila haki ya kuitaka stenti, na daktari anayemzungusha mtu huyo anakosea kama anayeikimbilia siku ya kwanza.

Kuna pia ambao majibu haya hayawahusu. ISCHEMIA haikuwaingiza wenye ateri kuu ya kushoto iliyobana, wala ambao moyo wao umedhoofika sana kusukuma damu. Na anjina ikiacha kuwa tulivu, ikaanza kuja mtu akiwa ameketi, au kwa kazi ndogo kuliko zamani, au ikakaa bila kuondoka huku jasho likimtoka na maumivu yakishuka mkononi au yakipanda tayani, ni dharura, na aende hospitali saa hiyohiyo.

Kwa yule wa ngazi, kuanza na dawa si kufungiwa mlango. Kwenye ISCHEMIA, kama mmoja kati ya watano wa kundi la dawa alikuja kuwekewa stenti au kufanyiwa upasuaji ndani ya miaka minne, maumivu au hali yake ilipobadilika. Waliobaki hawakuhitaji.

Na ndugu wa aliyewekewa stenti wakifungua mfuko wake wa dawa watakuta aspirini ileile, statini ileile, pamoja na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, ambayo akiiacha mapema donge linaweza kujifunga ndani ya stenti yenyewe.