Kabla ya Kulaumu LNB, Fungua Konekta

Masika yakianza Arusha, king'amuzi kinagoma, fundi anapanda juu ya bati na kushuka na hukumu ile ile: LNB, yaani kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, imekufa. Mara nyingi LNB ni nzima. Mgonjwa ni konekta, kile kichwa cha chuma kinachounga kebo na LNB, ya bei chee iliyozungushwa kwa mkono.

Tatizo hili lina sababu hapa kwetu. Satelaiti ya digrii 36 mashariki iko karibu utosini mwa Arusha na Moshi, kwa hiyo dishi linalala chali kama sinia, LNB inaliinamia mgongo ukiwa juu, na mvua inaishukia. Maji yakipenya kwenye konekta hayabaki pale; yananyonywa na nyuzi za wavu, ule msuko wa waya chini ya ganda la kebo, kama mafuta kwenye utambi. Kwa kuwa kebo hiyo hiyo hubeba umeme wa LNB, shaba huota kutu ya kijani haraka. King'amuzi hutuma volti 18 kuiagiza LNB ipokee chaneli za mawimbi ya mlalo, na 13 kwa zile za wima. Umeme wa volti 18 ukifika umepungua sana, LNB huudhani ni ule wa 13, nawe unapoteza chaneli za mlalo huku za wima zikionekana vizuri. Ukiona nusu ya chaneli zimepotea, usikimbilie dukani.

Tumia kebo ya aina ya RG6, si RG59 iliyo nyembamba. Kisha ijaribu kwa sumaku: uzi wa kati ukivutwa, ni chuma kilichopakwa shaba. Mita 15 haina neno, kwani mawimbi hupita kwenye ngozi ya uzi tu. Lakini kule Kibosho au Marangu, ambako dishi husimamishwa mbali na nyumba kuikwepa miti, kebo ikafika mita 40, nunua ya shaba tupu; chuma hubana umeme.

Konekta iwe ya kubanwa kwa koleo lake maalumu. Menya ganda la nje milimita 15, kunja wavu nyuma, na usiache hata unywele mmoja ukagusa uzi wa kati, maana hiyo ni shoti. Povu jeupe liishie sawa na sakafu ya ndani ya konekta. Uzi utokeze milimita 2 au 3 nje ya mdomo. Uzi mfupi ndio chanzo cha picha inayokuja na kuondoka upepo ukivuma. Kaza kwa mkono, malizia na spana namba 11 kidogo tu.

Funika kwa utepe wa mpira unaojigandisha. Utepe wa kawaida wa umeme, kwa jua la Moshi, huachia na kuwa kikombe cha maji. Silikoni yenye harufu ya siki inakula shaba. Chini ya LNB acha kebo ining'inie kitanzi, maji yadondokee hapo yasifuate ukuta hadi sebuleni.

Kama kebo ya zamani imelowa, kata mpaka uone wavu unaong'aa. Ukikata sentimeta 30 bado ni mweusi, vuta nyingine.